Kadi Ipo

Nilijibu "ndiyo". Herufi moja tu,
saa sita usiku, chai haijapoa,
na laptopu ikaanza kujivua toleo la zamani
kama nyoka gamba. Nikaenda kulala.

Asubuhi (tunaiita hivyo kwa mazoea;
Januari hapa Ísafjörður ni giza hadi saa tano,
na hata pakikucha jua halituoni,
mlima umelikalia)
iliwaka vizuri, picha mpya, maandishi mororo,
ila pale pembeni, penye vipinde vya waifai,
hapana kitu.
Hata ile alama ya kukosa, hapana.

Na mishahara ya kiwanda cha uduvi imo humo,
watu kumi na wanane, na leo Ijumaa.

Nikasoma: pakua draiva kwenye mtandao.
Mtandao!
Ufunguo wa sanduku umefungiwa sandukuni.

Thorgils wa ghorofa ya chini, fundi wa injini za meli,
akapanda na soksi, akaandika amri, akanyoosha kidole.
"Ona. Kadi ipo. Jina lake hili, namba yake hii.
Haijafa. Kerneli ni ngeni,
mkalimani wa zamani kaachishwa kazi,
sasa wanatazamana tu."

Basi tukafungua dirisha.
Waya wa buluu ukapanda ukutani kutoka jikoni kwake,
kichwa chake kimevunjika kijino,
ikabidi niushikilie kwa kidole usichomoke.
Theluji ikaingia nao, ikatua kwenye stakabadhi.
Mistari ikakimbia, ikakimbia, ikagoma.
"Inataka vichwa."
"Vichwa gani?"
"Vya kerneli. Imekuja kiwiliwili kitupu."
Akavitafuta. Kidole changu hakina hisia tena.

Tukazima. Tukawasha.
Kipinde cha kwanza. Cha pili.
Kisha majirani wote kwa mpigo:
duka la mikate, kanisa, shule ya muziki,
na mmoja aliyeuita mtandao wake Usiguse.

Mishahara ilitoka saa tisa kasoro dakika nne.
Thorgils akakunja waya wake kiwikoni,
akautazama mlima, mweusi, hauna habari.
"Lipo," akasema. "Tarehe ishirini na tano."
Siku hiyo tutakaanga chapati nyembamba za maziwa
na kugombea dirisha.

Dirisha lenyewe limeganda, halifungiki.
Na laptopu, nimegundua jioni,
haitoi sauti.
Sikumwambia. Kesho.