Tatu na Nane

Wengine huja kudai. Ndiyo kazi yangu, kudai:
mwezi uliokosekana, cheo kilichosahauliwa,
jina la Kinorwei lililokatwa mkia
na mpiga chapa mwenye njaa ya mchana.
Fomu ile naijua hata gizani.
Kisanduku cha tano: *Eleza ulichonyimwa.*

Verlin Haugstad aliingia Januari, theluji begani,
miaka tisini na miwili, kofia mkononi,
akaweka kijaluba cheusi juu ya meza.
“Hii,” akasema, “naomba mnipunguzie.”

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikapandisha sauti
kama tufanyavyo kwa wazee,
kumbe kiziwi nilikuwa mimi.

Utepe wa zambarau. Nishani ya waliomwaga damu.
Jalada lake linasema: paja la kushoto, kipande cha kombora,
Korea, Februari, hamsini na moja.
Akapandisha suruali hadi gotini. Kovu lilikuwa moja tu,
“la mashine ya nyasi ya baba, nina miaka kumi na minne.
Februari ile nilikuwa bandarini Pusan
naendesha lori la maji. Mizinga niliisikia
kwa mbali, kama jirani anayehamisha kabati.”

Kulikuwa na Haugstad mwingine, Verlyn, kwa *y*,
mtu wa Wisconsin. Hawakuwahi kuonana.
Namba zao za jeshi zinafuatana kama mapacha
hadi tarakimu ya mwisho: huyu nane, yule tatu.
Mtu fulani, ndani ya hema fulani, vidole vikiwa vimeganda,
aliifumba midomo ile tatu ya marehemu.
Ikawa nane.

“Kwa nini leo?” Swali hilo halimo kwenye fomu.
Akaitazama redieta ikigugumia.
Nishani ilikuja kwa posta, mwaka hamsini na tatu.
Mkewe, Ardis, aliitundika kabla yeye hajavua buti.
Jumapili mchungaji akaitaja.
Kufikia Jumatatu ilikuwa kweli.
Watoto walikulia chini yake.
Mjukuu akajiunga na jeshi kwa ajili yake.
“Amerudi,” akasema. “Sehemu kubwa yake.”
Ardis walimzika Oktoba.

Nguo ya kuazima, husemwa, haisitiri matako.
Hii ilimsitiri karibu miaka sabini,
na huko kusitirika ndiko kulikomchoma.

Tukaandika. Kwenye kisanduku cha tano
nikalikata *ulichonyimwa* kwa kalamu,
nikaandika juu yake: *ulichopewa*.

Bodi ilijibu baada ya miezi kumi na mmoja.
*Ombi la kuongezewa nishani limekataliwa
kwa kuwa mwombaji tayari anayo.
Iwapo anadai hakujeruhiwa, alete ushahidi.*

Nilicheka. Yeye hakucheka, nikanyamaza.
Akasimama nyuma ya kabati la majalada,
akalitoa paja la kushoto, jeupe,
laini kama la mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Nikalipiga picha, mbele, ubavuni, nyuma,
rula ikiwa kando
kama inavyotakiwa kwa majeraha.

Huko Wisconsin yuko dada, wa mwisho,
miaka themanini na saba. Hajui lolote.
Nilitaka kumpigia simu siku ile ile.
Verlin akaushika mkono wangu, akaurudisha mezani.
“Mpaka karatasi inyooke. Asipewe ahadi.
Alishapewa bendera.”

Barua ya pili aliiandika mwenyewe.
Mkono ulitetemeka, sikumsaidia.
Nje, gari la kuparuza theluji lilipita, likarudi, likapita.
Alipofika kwenye namba ya yule mwingine
alipunguza mwendo, kama dereva juu ya barafu,
na ile tarakimu ya mwisho akaichora kubwa,
kubwa kupita mstari,
tatu, midomo wazi.