Ratili

Pampu iliandikwa kwanza, kabla ya mtu.
Askari aliyetoka Ibra alichuchumaa wadini na tochi mdomoni:
pampu moja ya kijani,
mpira mita kumi na mbili,
thamani riyali themanini na tano.
Kisha akafungua ukurasa mpya.

Mjomba Msellem alikaa kizingitini, bunduki mapajani,
akasema kwa Kiswahili, lugha anayoirudia akiumwa:
"Nimemwita. Mara tatu nimemwita. Hakugeuka."

Hilo la kutogeuka ndilo linalotusumbua,
maana risasi imeingilia mgongoni.
Hakimu anauliza neno moja tu, kwa upole,
kama anayemuuliza mtoto njia:
alikuwa anakuja, au anakwenda?

Wakili wetu anasema mali ya mtu ni jasho lake,
na sheria haimwamuru mwenye nyumba
akae akihesabu vinavyotoka.
Hakimu anasema sheria ni ngazi:
sauti, kisha mkono, kisha fimbo,
na aliyekwisha kukupa kisogo
hukupandia ngazi yoyote.

Kwenye sabla kahawa inazunguka, na hukumu inazunguka nayo.
"Leo pampu, kesho mlango."
"Mimi wameninyang'anya mbuzi watatu, nani alikuja kuniuliza?"
"Mwizi hana mgongo," akasema Zahran,
wakacheka,
mpaka mmoja akaniona mlangoni na sinia ya halwa.

Hana mgongo.
Mimi mgongo ule naujua.
Niliuona miezi yote ukipanda mitende kwa kamba,
fulana imechanika begani, ukishuka na vumbi la chavua.
Shafiqul. Aliniita *apa*, dada kwa kwao.
Falaji ilipokauka yeye ndiye aliyeifunga pampu,
akaitia mafuta, akaisikiliza kwa sikio
kama mkunga.

Na hesabu za shamba naziandika mimi.
Umeme: umelipwa.
Mbolea: imelipwa.
Shafiqul, Rajabu: bado.
Shaabani: bado.
Ramadhani: bado. (Mjomba alitoa futari msikiti mzima.)
Mfungo Mosi, bado. Mfungo Pili. Mfungo Tatu.
Mfungo Nne, bado,
kwa mwandiko wangu mzuri niliosifiwa shuleni.

Riyali tisini mara saba.
Nimepiga hesabu usiku, nikairudia alfajiri:
angebeba pampu saba kama ile
tungali tukidaiwa thelathini na tano.

Basi walikuwa wawili wadini usiku ule,
kila mmoja amefuata chake.
Mmoja ana spana.
Mmoja ana bunduki.

Simchukii mjomba. Hilo nalo liandikwe.
Babu alitoka Pemba na kitu kimoja mfukoni,
ratili ya chuma ya kupimia karafuu,
mizani yenyewe imebaki huko kwa watu.
Mjomba amekulia chini ya chuma hicho,
akiambiwa: kinachotoka hakirudi.
Ukimgusa kijiko chake hushtuka
kama umemgusa jicho.

Pampu imesharudishwa. Inafanya kazi.
Tunaisikia tukila.

Mimi nimeitwa shahidi wa jambo moja:
ulisikia akimwita?
Nilisikia. Mara tatu, kweli.
Nitasema hivyo na sitakuwa nimeongopa.
Mama ananipiga pasi abaya, hanitazami:
"Usijibu usiloulizwa, mwanangu.
Ulimi hauna mfupa, lakini nyumba inao."

Ratili imekaa juu ya daftari miaka yote
ili upepo wa feni usipeperushe kurasa.
Asubuhi hii nimeinyanyua.
Imeacha duara la kutu kwenye jalada,
jekundu, kubwa kuliko nilivyodhani.

Daftari linaenea mkobani.
Gari linapiga honi nje.
Chuma bado nimekishika,
na ni kizito kweli, kwa kitu kisichopima chochote.