Konzi ya Mchele

Jumamosi natoka na gunia,
nashuka vidato mia na kumi na viwili vya mtaa wetu, Lunglei.
Nimevihesabu; magoti yangu ndiyo karani.
Ukungu umelalia mabati, haujaamka.
Kengele ya kanisa la Baptisti haijalia:
Vanramchhuanga, mlinzi wake, bado anatafuta meno.

Kila jiko hapa lina makopo mawili,
moja la wenye nyumba, moja la Bwana.
Mama akishapima mchele wa chungu,
kabla hajauosha, hurudisha konzi moja.
Asubuhi konzi, jioni konzi,
wala hapana aliyelala njaa kwa konzi iliyopungua,
ingawa watoto huapa kwamba wanaijua.

Bibi alinisimulia mwaka mianzi ilipochanua,
panya wakashuka milimani kama maji,
wakala shamba, wakala ghala,
wakala hata mbegu zilizofichwa kibuyuni.
Wanawake walichimba viazi mwitu,
wakavikata, wakatenga kipande.
"Mungu naye alikula viazi mwaka ule," alisema,
"na hakulalamika."

Basi nabisha hodi.
Kwa Pi Hmingthanpari kopo limejaa, maneno yamefurika:
kwaya ya vijana inakimbiza nyimbo,
shemasi mpya anasinzia,
na ni nani aliyeacha maji ya ubatizo yakaota ukijani?
Nasema ndiyo, ndiyo, namimina.
Kwa mwalimu wa shule ya Jumapili mchele una chenga na chaki.
Kwa maharusi wa juzi, konzi saba wiki nzima;
tulikula kwa wazazi, wanasema, wakitazama sakafu.
Naandika saba.

Nyumba ya mwisho, kule korongoni, huwa naipita kimya.
Pu Zatluanga hajakanyaga kanisani
tangu tulipomzika mkewe, Zirtluangi, mwezi wa pili.
Vijana walichimba kaburi umande haujakauka,
wakaimba sebuleni kwake siku tatu, ngoma taratibu,
naye akatuambia: asanteni, chai ile pale, msirudi.
Hatukurudi.

Leo mlango u wazi. Ameketi anamenya tangawizi.
"Wewe wa gunia," ananiita,
"mbona kila wiki unaniruka kama dimbwi?"
Ananyanyua kopo la mkewe, la maziwa ya unga, lenye kutu shingoni.
Limejaa.
Nyuma yake debe, nalo limejaa.
"Siombi," anasema. "Usiende kumwambia mchungaji kwamba naomba.
Ila nikipika, mkono unarudi wenyewe.
Miaka thelathini na mmoja nilimwona akirudisha.
Nisiporudisha, wali hauivi."

Konzi yake ni kubwa kuliko ya marehemu.
Nimeiona: kiganja cha seremala, pungufu kidole kimoja.
Gunia likanishinda, akalitwika yeye
hadi kidato cha mia.
Hivyo kumi na viwili vilivyobaki, akasema,
nivimalizie mwenyewe.

Jioni, kwenye mizani ya kanisa,
mwandishi wa kamati kainua kalamu: niandike jina gani?
Mmoja akasema, la aliyetoa.
Mwingine, huyo alijitoa kitabuni kwa mdomo wake.
Wakavutana mpaka chai ikapoa.
Nilidhani Pi Hmingthanpari ana lake la kulalamikia;
akachukua kalamu, akaandika polepole, kwa herufi za shule:
Zirtluangi, kilo ishirini na mbili.

"Wafu hawatoi," mtu akanong'ona.
"Huyu anatoa," akasema, akafunga daftari.

Jumatatu utauzwa.
Sehemu itakwenda kwenye paa linalovuja juu ya kinanda,
sehemu kwa mwinjilisti aliye ng'ambo ya mto,
sehemu kwa wagonjwa wasio na ndugu.
Lakini mchele wa debe ulikuwa na fukusi.
Tukauchekecha hadi usiku,
wanawake watano chini ya taa moja,
na kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na kamati,
hakuna aliyeanzisha wimbo.