Saa Tatu ya, Saa Tatu za

Kondele, usiku. Stima imepotea na kurudi mara mbili
na mimi bado namtafuta mshenga.

Vitu vitatu tu, alisema Daktari Muhanji:
dakika za kwenda kwenye bomba la maji,
usingizi,
alama za hesabu.
Bomba haliingii darasani likashika chaki.
Lazima litume mtu.
Mtafute huyo aliyetumwa, umpime,
ujue alibeba mzigo kiasi gani
na kiasi gani kilipita njia ya mkato bila yeye.

Watoto mia tatu na kumi na wawili wa Nyalenda
wamo humu kwa namba.
Nabonyeza. Programu inafanya
anachofanya muuza omena wa Kibuye kwa gorogoro:
inachota, inatazama, inamwaga tena guniani,
inachota upya
(mtoto mmoja akaingia mara tatu, mwenzake asionekane),
mara elfu tano, bila kiganja cha nyongeza kwa mteja.
Kisha inazipanga gorogoro zote, ndogo hadi kubwa,
na kukata ncha mbili.

Hasi nukta sufuri mbili.
Kutoka hasi nukta sufuri nane
hadi chanya nukta sufuri nne,
na humo katikati sufuri ameketi
kama mgeni asiyealikwa ambaye tayari amenawa mikono.
Basi mshenga hakuna.
Nikaandika: *haikubainika*.
Nikaenda kupasha chai.

Ilikuwa saa nane nilipoisoma safu ya mia moja themanini na saba.
Bomba: dakika mbili.
Usingizi: tatu.
Hesabu: themanini na nane.
Nani huyu anayelala saa tatu
na kugawanya sehemu bila kukosea?
Nikaitafuta fomu yenyewe kwenye boksi,
mwandiko wa Okuthe, wino wa kijani:

Jana ulilala saa ngapi?
*Saa tatu.*

Lo.
Saa tatu ya kulala.
Saa tatu za kulala.
Mtoto alinitajia ukutani mwa saa mshale ulipokuwa,
Okuthe akahesabu urefu wa usiku,
na lugha niliyonyonya nayo
ikasimama kati yao, kimya, mikono mfukoni.
Swali nililitunga mimi. Namba kumi na nne.
Nililisoma kwa sauti mbele ya kamati
na hakuna aliyekohoa.

Asubuhi nikashuka Nyalenda na orodha ya watoto arobaini na mmoja.
Uliingia kitandani lini? Uliamka lini?
"Tena?" akauliza mama mmoja, povu hadi kwenye viwiko.
Tena, mama.
Yule wa mia moja themanini na saba alihesabu kwa vidole
kutoka saa tatu hadi kumi na mbili,
akanionyesha vidole tisa,
akanitazama kama mtu
anayemsaidia mgeni kuvuka barabara.

Nikarudia. Gorogoro elfu tano.
Hasi nukta sufuri tisa,
kutoka hasi nukta moja tano hadi hasi nukta sufuri tatu.
Sufuri yuko nje ya mlango.
Mshenga yupo, na alibeba kama theluthi ya mzigo;
iliyobaki ilipita njia nisiyoijua.

Daktari anataka niandike *husababisha*.
Nimeandika *huenda hupitia*.
Niliwauliza yote siku moja, Daktari,
na mshenga anayefika pamoja na bwana harusi
huwezi kuapa nani alimtuma nani.

Chini ya Jedwali la Nne, kwa herufi ndogo:
swali la kumi na nne liliulizwa upya; thelathini na watano walipatikana.
Sita walikuwa wamehama,
nyumba moja ina kufuli, nyingine ina wapangaji wengine.
Programu imeuliza kama izijaze seli zao
kwa wastani wa wenzao.

Nimebonyeza hapana.