Maji ya Kioo

Jana usiku, kutoka Nyegezi kurudi Igoma,
wingu la vidudu vya ziwani lilishuka barabarani
likanipiga kioo kama mtu anayemwaga pumba.
Nikavuta mkono wa wipa.
Zikaja kavu. Zikapaka.
Barabara ikawa uji.
Nikaendesha kichwa nje ya dirisha, mdomo nimeufumba;
anayevijua vidudu vile anajua kwa nini.

Leo boneti iko juu.
Kabula amekalia usukani, miguu haifiki pedeli.
Kazi yake ni moja: nikisema vuta, avute.

"Vuta."
"Nimevuta, baba."
Nimelala kifudifudi, sikio kwenye bampa.
Pampu nzima hulia kama inzi ndani ya chupa.
Hii imenuna.
Basi tusiyalaumu maji, tuanze na umeme.
Fyuzi nimeichomoa, nimeinyanyua juani:
uzi wake umekatika, mwembamba kuliko unywele wa kichanga.
Dukani kwa Bahebe, shilingi mia tano.
"Vuta."
Nzzii.
Kabula anapiga makofi.
Mwanangu, sauti si maji.

Kitenki nimekifungua, nimekipindua juu ya nyasi.
Kimetapika kijani kama kisamvu cha juzi,
magamba ya dagaa,
na konokono mmoja, punje ya mtama inamzidi.
Huyu ni babu yako, nikamwambia Kabula.
Kila alipofuata mzigo Kayenze
alishuka na kidumu hadi ufukweni, akajaza.
"Ziwa lote lile," alisema,
"halafu mimi nikanunue maji?"

Mpira nao umepasuka pale boneti inapokunjika.
Muuza spea anasema wiki moja, mpaka gari itoke Dar.
Nikaingia ndani.
Juu ya kabati la mama, ndani ya kopo la maziwa,
mpira wa dripu, umekunjwa, umefungwa uzi mwekundu.
Ulibaki.
Mwezi ule tulipigilia msumari ukutani, tukatundika chupa,
nami nikakesha nikihesabu
tone
tone
mpaka hesabu ikanipotea.
Mama aliniona nimeushika. Hakuuliza.
Akanipa mkasi.

Shibiri moja na nusu.
Ncha nikazichovya kwenye chai ya moto
zikalainika, zikameza kiungo bila gundi.

Zimebaki nozeli, vijicho viwili, vyote vina mtoto wa jicho.
Hapa wengi huharibu: huchoma sindano kutoka juu
wakausukuma uchafu ndani zaidi.
Wewe chomoa mpira kwanza,
puliza kutoka chini kwa mdomo wako mwenyewe,
ndipo sindano, taratibu, kama unamtoa mtu mwiba.
Nimepuliza. Nimeonja ziwa.

Maji safari hii ya bomba,
nimeyachuja kwa kipande cha kanga,
sabuni tone moja; matatu ni povu na aibu.

"Vuta!"

Yakaruka kioo, yakaruka paa,
yakamkuta Mama Nyamizi anapita na beseni la sato.
Akasimama. Akatazama mbingu, nyeupe, kavu.
"Mvua hii ya wapi?"
"Ya Kabula," nikajibu,
naye aliyezaliwa masika akacheka mpaka akabonyeza honi.

Nikakigeuza kijicho kwa ncha ya sindano,
kidogo, kidogo kuliko unavyodhani.
"Vuta."
Maji yakatua katikati. Wipa zikayapokea.
Kioo kikafunguka: ukuta wa jirani, mpapai,
mawe ya mlimani yamekaliana mabegani.

Isipokuwa kona ya juu, kushoto.
Pale wipa hazifiki, na vidudu vya jana vimekauka.
Upande wa abiria.
Safari zile za Bugando alikuwa akiegemea pale,
paji la uso kwenye kioo,
akinisomea mabango ya maduka kwa sauti
ili nijue bado yuko macho.

Nikataka kusema iache.
Lakini Kabula ameshashuka,
kitambaa mkononi, amepanda juu ya tairi,
anatema mate, anasugua.