Mtazamaji wa Kulipwa

Leo tuko kumi na wanne jukwaani, ukimhesabu na mbwa wa Vizma.
Uwanja wa Smiltene, mwanzo wa Aprili,
nyasi za bandia, ngumu kama mswaki uliochakaa,
theluji ya mwisho imesukumiwa pembeni, nyeusi, mfano wa kifusi.
Wasichana, daraja la tatu. Kiingilio bure.
Chai senti themanini, kutoka chupa ya mama yake kipa.

Mimi sikuja kushangilia.
Nina simu mbili, glavu niliyoikata kidole gumba,
na sikioni kijana wa Sofia asiyelijua jina langu.
Ananiita Latvia Saba.
Kazi yangu ni kubonyeza:
shambulizi,
shambulizi la hatari,
kona.
Euro ishirini na nane kwa dakika tisini, nauli juu yangu.
Mbwa anabweka. Hilo halina kitufe.

Gumba likishuka hapa,
huko Santos mhudumu wa hoteli anaona mshale ukigeuka mwekundu,
huko Cebu mtu amejifungia msalani kazini,
ujira wa wiki ameulaza juu ya kona ijayo.
Hawajui Smiltene iko wapi.
Hawajui kwamba namba tisa, Elvīra, anasomea useremala,
jana alijigonga nyundo, ndiyo maana hataki kurusha mipira.
Ningewaambia, dau lingehama upande.
Siruhusiwi. Nimetia saini.

Kampuni sijawahi kuiona.
Nasikia ina ghorofa nzima kisiwani Malta, na matunda ya bure mezani.
Mimi naijua kwa jambo moja: tarehe tano inalipa, haikosei.
Mcheza kamari husubiri bahati.
Kampuni husubiri kuche tu.

Usinidhanie mtakatifu.
Kiangazi cha mwaka juzi nami nilitandika mkeka,
mechi kumi na mbili, kumi na moja zikatii,
ya mwisho ikauchana: sare, dakika ya tisini na tatu, kule Ulan Bator,
mji ambao hata sasa siwezi kuuonyesha kwenye ramani.
Nikauza baiskeli ya mwanangu Rūdolfs, nikamwambia imeibwa.
Akauliza, twende polisi?
Nikasema polisi wana kazi nyingi.
Wiki nzima alikuwa akichungulia baiskeli za watu.

Dakika ya sitini na moja.
Kona. Nabonyeza kona.
Kipa anaruka, goti la mtu linamkuta angali hewani,
na mlio unaofika jukwaani ni wa tawi kavu.
Anaitwa Sanija. Ana miaka kumi na saba.
Mama yake ameiacha chupa ianguke, anakimbia,
kifuniko kinabingirika hadi kwenye kiatu changu, kinalala.

"Latvia Saba," yasema Sofia, "ni hatari, au mpira umekufa?"
Kwake kila swali lina vitufe viwili.
"Latvia Saba. Soko liko wazi. Watu wanaweka."

Wanaweka.
Nazilaza simu zote mbili kwenye theluji, kifudifudi.
Naruka uzio, navua koti.
Uganga siujui, baridi naijua.
Refa, mwalimu wa hesabu, ananiambia shika hapa, usitikise,
nami nashika mguu wa mtoto wa mtu,
mguu ambao tangu Oktoba nimekuwa nikiutuma Sofia
kidogo kidogo, kwa gumba.

Nyuma yangu theluji inatetemeka, inanguruma, inanyamaza, inatetemeka tena.
Sekunde arobaini, labda hamsini,
huko Cebu mtu amekikodolea macho kioo kisichosema kitu,
na nje ya msala anagongewa mlango.

Sanija meno yanagongana. Ananitazama,
anamwona yule baba wa simu mbili, wa kila Jumamosi,
kwa mara ya kwanza karibu.
Ananiuliza: uliingia?

Haukuingia, namwambia.
Sikuona.
Nimebashiri tu.