Milimita Thelathini na Nane

Kipima mvua namba saba kiko kwa Sikuzani Kikoti,
nyuma ya zizi, kwenye nguzo ya mkambala.
Kisomwe kila siku saa tatu asubuhi,
alisema Bwana Msigala nilipofika ofisini Iringa,
akinikabidhi reflekta, tableti,
buti zilizonizidi namba mbili
na karatasi ya kusaini kwamba sitamwahidi mtu kitu.

Mimi ni wa Tukuyu.
Kwetu mvua haipimwi, hufukuzwa mlangoni kama kuku.
Nguo za Jumanne hukauka Jumapili.
Mama huuliza kwenye simu: "Wamekuajiri?"
Nasema, bado, niko mafunzoni, kwa vitendo.
"Vitendo gani?"
Ustahimilivu wa mabadiliko ya tabianchi.
Hukaa kimya kidogo. "Unakula?"

Huku wanaita Malengamakali.
Kwa Kiswahili changu cha shule, malenga ni mtunga mashairi.
Kwa Kihehe malenga ni maji.
Malenga yamekwenda. Makali yamebaki.

Ijumaa ile mbingu ilikuwa nyeupe
kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.
Vumbi la pikipiki lilifika kabla yangu.
Nikainama kusoma: thelathini na nane.
Nikakigonga kipimo kwa ukucha. Thelathini na nane.
Nikatazama ardhi, nayo ikanitazama,
midomo imepasuka.

Fidelisi, wa miaka sita, alikuwa nyuma ya mbuzi,
kikombe cha plastiki mkononi, bado kinadondoka.
"Dada, leo andika nyingi," akasema.
"Kila siku unaandika sifuri, halafu unanuna."

Maji hayo yanatoka korongoni, mwendo wa saa mbili.
Mama yake huchimba mchanga mpaka mkono uzame begani,
huchota kwa kata, hungoja shimo livute pumzi,
huchota tena.

Mwongozo unasema: soma, andika, mwaga.
Nilisoma.
Niliyarudisha ndooni, taratibu, pasipo tone kuanguka,
na Sikuzani akaona,
akajifanya anamfukuza mbuzi.

Kisha dodoso. Tulikaa ubavuni mwa kihenge.
Siku saba zilizopita, mmepunguza milo?
"Andika kwamba tunapika."
Mmekopa chakula?
"Nimkope nani? Kijiji kizima tuna kihenge kimoja,
na ndani yake kuna upepo."
Mmekula mbegu?

Akatazama bakuli lililokuwa pajani mwangu.
Mahindi ya kukaanga, ya moto, chumvi kwa mbali,
punje zimelingana, hakuna hata moja iliyotobolewa.
Yalinukia moshi. Moshi wa miaka, si wa asubuhi ile.
Hata kwetu, na mvua zetu zote,
gunzi linalotundikwa darini juu ya mafiga
halitundikwi ili liliwe.

Nilikuwa nimeshamaliza nusu.

"Hapana," akasema. "Sisi hatujala."

Tableti ikawa inangoja: Ndiyo. Hapana.
Ikafifia, nikaigusa, ikawaka, ikangoja tena.

Jioni Msigala akaiona ile thelathini na nane,
imesimama peke yake kwenye safu ya sifuri.
"Nini hiki?"
Kosa la kipimo, nikasema.
Akaifuta. Pale kijijini ramani ikarudi nyekundu.
Mbegu za mtama zinakuja Jumatano, akasema,
kilo nne kwa kaya, lori likipata mafuta.

Safu ya maoni hupokea herufi mia tu.
Niliandika:
Mvua haikunyesha. Maji yaliletwa na mtoto. Mhoji amekula mbegu.
Zikabaki herufi thelathini na saba.
Nilikaa nazo mpaka mlinzi akaja kuzima taa.

Usiku mama akapiga.
Nyuma yake bati la nyumba yetu lilikuwa linapigwa,
linapigwa, ikabidi apaze sauti:
"Nasema, unakula?"